Mkono Niliomnyima Mama Mkwe

Mpendwa Shangazi Beldina,

Nakuandikia kuomba msaada kabla sijafungua mdomo mbele ya mtu mwingine yeyote, na nakusihi majina ninayoyatumia hapa yabaki haya haya ya kubuni, kwa maana mke wangu husoma safu yako kila Jumamosi akisukwa nywele saluni mtaa wa Baba Dogo, na akijua habari hii kupitia gazeti badala ya kuisikia kinywani mwangu basi nyumba yangu imekwisha. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na saba, naendesha mashine kwenye kiwanda cha plastiki, tunaishi Lucky Summer, nina mke ambaye nitamwita Mourine na binti mmoja wa miaka saba, Mitchelle.

Mama yake Mourine ana presha ya macho. Alikuja Nairobi mwezi wa pili kutoka kwao Webuye, akawa anakaa kwa mwanawe, shemeji yangu Shitanda, mtaa wa Fedha, ili awe karibu na kliniki, na daktari akamwambia wazi kwamba dawa zinachelewesha tu, kabla ya mwaka kuisha atakuwa anatofautisha mwanga na giza basi. Alipoambiwa hivyo hakulia. Alisema kuna vitu viwili anataka kuviona kwanza, zile ngome za mawe za vita vya Mwingereza na Mjerumani kwenye vilima vya Taita, halafu bahari. Bahari kwa sababu hajawahi kuiona maishani. Ngome kwa sababu babu yake, mzee Opicho, alichukuliwa na Waingereza kuwabebea mizigo katika vita hivyo na hakurudi, na baba yake mama alikua, akaoa, akazeeka, akafa bila kujua baba yake alilala wapi, ila walisikia tu kwamba wapagazi wa kwetu walipelekwa upande wa Taita. Mama alitaka achote udongo wa huko, amwite babu kwa jina, ampeleke nyumbani akalale na watu wake.

Shitanda alikuwa na gari lakini kazini walimnyima ruhusa, kwa hiyo akanipa funguo mimi, tukapanga wikendi ya Leba Dei, Ijumaa tulale Voi, Jumamosi tupande kilimani, Jumapili tushuke mpaka bichi, Jumatatu turudi, Mitchelle abaki kwa jirani, na kila mtu alituambia mvua za masika hazijaisha, ngojeni Agosti, lakini macho ya mama hayakuwa na Agosti ya kungoja.

Sasa Shangazi, wewe ni mtu wa kwetu magharibi na unajua, lakini wasomaji wengine huenda hawajui, kwamba kwetu mwanamume hamshiki mkono mama mkwe wake, hali naye meza moja, hamwangalii usoni, mpaka siku atakapompelekea blanketi na kuku mbele ya wazee wa pande zote mbili, hapo ndipo wanashikana mikono na kizuizi kinaondoka. Mimi nimemwoa Mourine miaka tisa na sijafanya hivyo. Kila mwaka nasema tukienda nyumbani Desemba nitafanya, Desemba inafika kuna matanga, kuna karo ya Januari, kuna hili na lile, tunarudi Nairobi. Na tangu utotoni nimeambiwa kwamba anayemgusa mama mkwe kabla ya wakati wake mikono humtetemeka mpaka uzeeni, na baba yangu alinionyesha kwa macho yangu mzee mmoja aliyekuwa anamwaga chai kila akishika kikombe, akaniambia ndiyo hiyo.

Kwa hiyo Mourine alichukua leso akaibana kwa vibanio vya nguo kati ya viti vya mbele na vya nyuma, mama akakaa nyuma yangu, mimi nikakigeuza kioo cha ndani kiangalie juu, na safari yote maneno yalikuwa yanapita kwa Mourine ingawa sisi sote tulikuwa tunasikiana. Mama anasema, "Mwambie baba Mitchelle apunguze mwendo, mvua haikimbizwi." Mourine anasema, "Amesikia, mama." Mimi nasema, "Mwambie mama barabara ni nzuri mpaka Mtito." Mourine anacheka anasema, "Mimi nimekuwa waya wa stima ama nini, napitisha tu." Mtito Andei wao walikula ndani, mimi nikala chapati yangu nimesimama kando ya gari kwenye manyunyu, na kusema kweli nilikuwa na furaha, nilihisi kwamba namfanyia mama jambo ambalo mwanawe wa kumzaa hakuweza.

Jumamosi tuliacha gari chini ya kilima upande wa Bura tukapanda kwa miguu. Njia ilikuwa utelezi mtupu, na mama haoni vizuri chini, kwa hiyo Mourine akamwambia, "Fuata tu mlio wa gambuti za baba Mitchelle," nami nikatangulia nikawa nakanyaga kwa nguvu ili asikie. Tulipita kijito kidogo, maji hayakufika hata kwenye kifundo cha mguu. Huko juu kuna kuta za mawe yaliyopangwa, nyasi zimemea katikati, na mvua ilikuwa imetulia kidogo. Mama aliupapasa ule ukuta kwa viganja vyote viwili kutoka mwanzo mpaka mwisho. Halafu akapiga magoti, akachota udongo akautia kwenye mkebe wa majani chai, akafunga kifuniko, akaita kwa sauti, "Opicho, ni sisi. Twende nyumbani." Mimi nilikuwa nimesimama mbali nimempa mgongo, kama inavyotakiwa, na machozi yalinitoka.

Tulipoanza kushuka mvua ikaanza tena. Mourine alitangulia na mfuko, mama katikati na fimbo mkono mmoja na mkebe mkono mwingine, mimi nyuma, na mama kila baada ya hatua kadhaa alisimama kidogo mpaka asikie gambuti zangu ndipo aendelee. Kile kijito tulikuta kimefika magotini na kinakimbia. Mourine akasema ataweka mfuko ng'ambo kisha arudi kumshika mama. Akavuka, akainama kuuegemeza mfuko kwenye jiwe, ametupa mgongo, na mama sijui alidhani ameitwa ama vipi, akakanyaga jiwe la kwanza. Jiwe likayumba. Shangazi, nilikuwa hatua moja nyuma yake. Aliiachilia fimbo akanyoosha mkono nyuma, ule mkono ulikuwa unanitafuta mimi, ulikuwa karibu hivi kwamba ningeushika bila hata kunyoosha wangu wote, na mimi mikono yangu nikairudisha kifuani nikaita, "Mourine!"

Akaanguka juu ya mawe kwa ubavu. Mkebe hakuuachilia. Na hili ndilo sijawahi kulisema, kabla Mourine hajageuka miguu yangu ilirudi nyuma, hatua nne au tano, hata sikuiamuru, kwa hiyo Mourine alipogeuka aliniona nikija mbio kama mtu aliyekuwa mbali. Ni yeye aliyeingia majini akamwinua kichwa. Mimi nilikimbia mpaka shamba moja nikaleta wanaume wawili waliokuwa wanachimba mtaro, wakambeba mpaka garini. Mourine aliponiuliza nilikuwa wapi nikamwambia nilikuwa nimerudi kuchukua mwavuli niliousahau ukutani.

Mfupa wa nyonga ulivunjika. Alipasuliwa akatiwa chuma, sasa ni wiki ya sita, analala kwa Shitanda kule Fedha, bahari hatukufika, na macho yanazidi kupungua, juzi hakumtambua Mitchelle mpaka aliposema. Mkebe uko chini ya kitanda chake, hataki mtu mwingine aupeleke nyumbani. Kila nikienda nakaa sebuleni, na anasikika kutoka chumbani akimuuliza Mourine, "Bahari tuliiacha kilomita ngapi?" Na zaidi ya mara moja amesema kwa sauti ili nisikie, "Mwambieni baba Mitchelle asijilaumu, yeye alikuwa mbali."

Kinachoniua ni kwamba wote wananishukuru. Shitanda alinishika bega akasema, "Shemeji, hiyo siku ulituokolea mathe, siwezi sahau." Mourine alisimama kanisani akatoa ushuhuda kwamba Mungu alimpa mume aliyekimbia kwenye mvua kumtafutia mama yake watu, na kanisa likapiga makofi, nami nikapunga mkono. Na huo mkono wa kulia sasa unatetemeka, Shangazi, unatetemeka mpaka msimamizi ameniondoa kwenye mashine akanipeleka kupakia, na mimi sikumgusa mama hata kidogo, sasa mbona unatetemeka?

Nimwambie Mourine ukweli nimpoteze, ama ninyamaze kwa kuwa mama mwenyewe anaamini nilikuwa mbali na hakuna aliyeona? Nisaidie.

Mkwe, Lucky Summer

*

Baba Mitchelle,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Pole. Naianza na pole kwa sababu wiki sita za kupigiwa makofi usiyostahili ni adhabu, na ungekuwa mtu mbaya ungekuwa unayafurahia. Pole yenyewe inaishia hapo.

Umeileta mila kama shahidi wako, na mimi ninayeijua nakwambia haikutetei. Nimezaliwa na kulelewa huko huko. Kizuizi kile kiliwekwa ili mkwe na mama wasizoeane ovyo kwenye nyumba ndogo, watu waheshimiane. Hakikuwekwa ili mama aanguke kwenye mawe. Nyumba ikiungua, mto ukijaa, mkwe humtoa mama, kisha kuku anachinjwa, watu wanakula, na habari inaishia hapo. Wakati wa korona mkwe wangu, mume wa binti yangu, alinishusha amenibeba mgongoni kutoka ghorofa ya nne mtaani Umoja, sina pumzi, na nilikuwa sijawahi kumpa hata mkono wa salamu. Kila ngazi alikuwa ananiomba msamaha. Nilipopona akaleta kuku, nikala, nikamwambia kuku wake alikuwa mgumu. Mikono yake haitetemeki hata kidogo, anashona suti.

Wako unatetemeka na hukumgusa mtu. Nenda ukaonwe na daktari, sikukatazi, lakini nadhani jibu unalo tayari. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe umekwisha kuondolewa kwenye mashine.

Halafu hiyo Desemba yako. Miaka tisa! Blanketi moja na kuku mmoja ndivyo vilivyokuwa vinasimama kati yako na mkono wa mama, na wewe ukawa unapiga kalenda. Waswahili walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Yako imemvunja mama wa watu nyonga. Neno hilo ni kali na nimelikusudia.

Sikulaumu kwa ile sekunde moja. Mtu aliyefundishwa kitu tangu utotoni mwili wake hukitii kabla ya akili kufika, na ningekuwa mimi pale sijui ningefanyaje. Nakulaumu kwa zile hatua nne za kurudi nyuma, na kwa ule mwavuli. Hizo hukufundishwa na mila wala na baba yako.

Sasa sikiliza hili, kwa sababu nadhani umeliandika mwenyewe bila kuliona. Unasema mama anaamini ulikuwa mbali. Baba Mitchelle, huyo mama alipanda kilima kizima akifuata mlio wa gambuti zako, na akakishuka akisimama kuzingoja. Macho yake hayaoni mjukuu, masikio yake yana kasoro gani? Alijua uko hatua moja nyuma yake, ndiyo sababu alinyoosha mkono. Mtu hanyooshi mkono nyuma kutafuta hewa. Na alizisikia zikirudi. Anajua tangu siku ile, na kila anapopaza sauti kutoka chumbani kwamba ulikuwa mbali, anakufunika wewe, mbele ya binti yake na mwanawe, akiwa amelala na chuma mwilini. Wewe uliogopa kumgusa kwa heshima. Yeye ndiye anayekuheshimu, na hilo limeniliza.

Kwa hiyo usiniulize kama unyamaze. Ukinyamaza unamwacha mgonjwa akubebee mzigo wako, na ukoo huo umeshabebeshwa mizigo ya watu vya kutosha.

Anza na Mourine, wiki hii. Mwambieni Mitchelle akacheze kwa jirani, mkae wawili. Mwambie ulikuwa hatua moja, mkono ulinyooshwa, ukairudisha mikono yako, ukarudi nyuma, ukadanganya kuhusu mwavuli. Hayo matano, na usianze na "unajua mila zetu." Atakasirika. Huenda akaenda kukaa Fedha siku kadhaa, na usimfuate kwa simu za kila dakika wala usimtume mchungaji. Yeye ndiye aliyesimama kanisani kwa jina lako, kwa hiyo hasira yake ina haki. Kumpoteza unakoogopa ni jambo ambalo siwezi kukuahidi kwamba halitatokea. Ninachojua ni kwamba mke anaweza kuishi na mume aliyeogopa. Akigundua mwenyewe miaka mitatu baadaye kwamba mama yake alijua na mumewe alijua na yeye peke yake ndiye aliyekuwa anatoa ushuhuda, hapo sitakuwa na ushauri wa kukupa.

Majina nimeyaacha kama ulivyoomba, lakini leso kwenye vibanio, mkebe wa majani chai, kilima cha Bura, nani mwingine Lucky Summer ana hadithi hii? Mourine ataijua kabla hajafika aya ya pili. Ndiyo maana jibu hili nimekutumia kwenye simu kwanza, na barua yako sitaichapisha mpaka wewe mwenyewe uniandikie kwamba ameshasikia kutoka kwako. Wasomaji wengine wakiiona gazetini, wajue ulisema.

Ukishasema na mkeo, nenda Fedha. Shitanda naye aambiwe, na akikupokonya funguo za gari mpe bila neno. Nunua blanketi, zito, la kupendeza, na kuku aliye hai, si wa supamaketi. Usingoje Desemba wala wazee wa Webuye, hao utawaeleza kwa simu na wakikutoza faini utalipa. Piga hodi kwenye mlango wa chumba chake, usikae sebuleni. Msemeshe mama moja kwa moja, Mourine asipitishe maneno safari hii. Sema, "Mama, nilikuwa nyuma yako." Maneno hayo yanatosha, mengine atakusaidia yeye. Kisha nyoosha mkono wako wewe kwanza, uuache pale mpaka aupate, kwa kuwa itamchukua muda kuuona. Ukitetemeka, acha utetemeke.

Imebaki bahari. Macho ya mama hayangoji mvua ikatike wala likizo ya kiwanda. Muulizeni daktari wa mifupa siku gani ataweza kukaa kitini kwa muda wa saa tano, na siku hiyo hiyo mkate tikiti za treni, maana gari kwenye matuta litamuumiza. Mkebe aende nao. Huyo mzee Opicho naye alipelekwa nusu ya njia tu, sidhani kama aliwahi kuiona bahari. Azimeni kiti cha magurudumu, kitawafikisha mpaka mwisho wa lami. Hapo kitasimama, kwa sababu magurudumu yale hayapiti mchangani, yanazama. Mwambie daktari akuonyeshe mapema namna ya kumshika asiumie. Kutoka hapo mpaka majini utambeba wewe.

Shangazi Beldina